Kama figo zangu ni nzima, mbona niogope chumvi?

SWALI

"Daktari, nina miaka 46 na nina kibanda cha chakula karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Mwezi uliopita nilipimwa presha ikawa 158/96, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5 na kuambiwa nipunguze chumvi. Nikaenda kupima damu kwa pesa zangu: sodiamu 140, kreatinini ya kawaida, wakaniambia figo ziko sawa kabisa. Sasa sielewi. Kama figo ni nzima na kutoa chumvi ndiyo kazi yake, si zitoe tu? Na hiyo sodiamu ya damu si imeonekana iko sawa? Shemeji yangu ananiambia ninywe lita tano za maji kila siku, chumvi itoke yote. Usiku naamka mara mbili au tatu kukojoa. Jioni miguu inavimba, na ikizidi huwa nanunua dawa ya kukojoza kwa kemisti. Chumvi yenyewe sili nyingi, ni ile ya mapishi tu, na magadi kidogo kwenye mboga za kienyeji. Na kwa joto hili la Kisumu, jasho linavyonitoka mbele ya jiko, si hata nahitaji kuongeza?"

JIBU

Dada yangu, figo zako zinatoa chumvi, tena karibu yote. Ungekusanya mkojo wako wa saa 24 kwenye mtungi ukaupeleka maabara, wangekuta humo sehemu kubwa kabisa ya chumvi uliyokula siku hiyo. Ndiyo maana watafiti wakitaka kujua mtu anakula chumvi kiasi gani hawamuulizi, wanapima mkojo wake. Kwa hiyo hoja yako ina msingi, na wagonjwa wengi wanaokuja kliniki na karatasi ya maabara mkononi huwa nayo hiyo hiyo. Ila kuna swali moja ambalo karatasi haijalijibu: figo zinaitoa hiyo chumvi kwa presha gani?

Kwanza tuiweke kando ile 140. Kipimo cha sodiamu kwenye damu hakihesabu chumvi yote iliyo mwilini. Kinapima ukali wake katika kila lita ya maji ya damu. Ukila chakula cha chumvi nyingi, ukali unapanda kidogo mno, ubongo unagundua mara moja, kiu inakushika, unakunywa maji. Wakati huo huo homoni kutoka kwenye ubongo inaziamuru figo zishike maji. Baada ya muda ukali umerudi 140, lakini sasa una chumvi zaidi na maji zaidi, vimeongezeka pamoja. Ungepanda mizani ungejikuta umeongeza pengine nusu kilo au kilo nzima ndani ya siku chache, na maabara bado wangeandika 140. Kipimo hicho kina kazi yake, hasa kwa mgonjwa anayetapika, aliyechanganyikiwa au anayetumia dawa za kukojoza, lakini kinakupa habari za maji kuliko za chumvi. Nimewaona wagonjwa waliovimba mwili mzima, wamejaa chumvi na maji, na sodiamu yao inasoma chini ya kawaida.

Sasa tuingie ndani ya figo, maana hapo ndipo penye jibu lako. Kwa siku moja figo zako mbili huchuja takriban lita 180 za maji ya damu. Maji ya damu yenyewe ni kama lita tatu tu, kwa hiyo yanapita kwenye chujio tena na tena mchana na usiku. Katika hizo lita 180 mna chumvi ya karibu kilo moja na nusu, yaani pakiti tatu za nusu kilo, zile zile unazonunua dukani. Na figo haziokoti chumvi ya ziada na kuitupa. Zinafanya kama wewe unapofagia kibanda: unatoa kila kitu nje, meza, viti, sufuria, halafu unarudisha ndani unachokitaka na kuacha nje usichokitaka. Ukila gramu 9 za chumvi kwa siku, basi kati ya kila gramu 1,000 zilizochujwa, figo zinarudisha takriban 994 na kukuachia sita uzikojoe. Hesabu ni nyembamba hivyo. Kwenye kurudisha, tofauti ya nusu asilimia tu ni karibu sawa na chumvi yako ya siku nzima.

Kurudisha huko hufanyika kwenye vifereji vyembamba sana, takriban milioni moja katika kila figo. Sehemu ya kwanza ya kifereji inarudisha karibu theluthi mbili za chumvi. Ya pili, ile inayozama ndani ya figo na kupanda tena, inarudisha kama robo. Ya tatu inachukua asilimia tano au zaidi kidogo. Chumvi inayofika mwisho wa kifereji ni asilimia chache tu, na hapo ndipo figo zinapoamua cha kukojolewa na cha kubaki. Kumbuka sehemu hizi, kwa sababu kila dawa ya kukojoza unayoijua inagonga mojawapo.

Amri za kushika chumvi zinaanzia kwenye figo zenyewe. Pale mshipa mdogo wa damu unapoingia kwenye chujio pana chembe zinazohisi damu inavyosukuma kuta. Presha ikishuka, au chumvi inayopita kwenye kifereji ikipungua, chembe hizo zinamwaga kimeng'enya kiitwacho renini. Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman waliigundua Stockholm mwaka 1898, kwa kuwadunga sungura maji yaliyotolewa kwenye figo za sungura wengine na kuona presha ikipanda. Renini inaanzisha mlolongo unaotengeneza angiotensini, ambayo inabana mishipa, inaihimiza sehemu ya kwanza ya kifereji irudishe chumvi zaidi, na inazitaka tezi zilizokaa juu ya figo zitoe homoni ya aldosteroni. Aldosteroni ndiyo inayofungua milango ya sodiamu kule mwishoni. Chumvi inaingia, maji yanaifuata. Mtu akiharisha siku nzima, mfumo huu ndio unaomshikilia asizimie.

Ukila chumvi nyingi mambo yanageuka. Renini inapungua, aldosteroni inapungua, na moyo nao unaingia kazini: vyumba vyake vya juu vikitanuka kwa wingi wa damu vinatoa homoni inayoziambia figo ziachie chumvi. Hilo lilijulikana mwaka 1981 tu, Adolfo de Bold na wenzake walipowadunga panya dondoo ya vyumba hivyo huko Kanada na panya wakakojoa chumvi kwa wingi. Kabla ya hapo moyo ulihesabiwa kuwa pampu basi.

Tena ipo njia isiyongoja homoni yoyote, nayo ni presha yenyewe. Damu ikizisukuma figo kwa nguvu zaidi, zinarudisha chumvi kidogo na kuachia zaidi. Arthur Guyton wa Mississippi, Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha uzito wa jambo hili: mwisho wa yote, chumvi inayoingia na inayotoka lazima zilingane, na kama homoni hazikutosha kuzilinganisha, presha itapanda mpaka zilingane.

Hapo ndipo ulipo, dada. Kuna watu ambao wakila chumvi leo, renini inashuka, moyo unatoa homoni yake, na ndani ya siku chache chumvi imetoka bila presha kusogea. Kuna wengine ambao renini yao tayari iko chini, haina pa kushuka, na vifereji vyao bado vinarudisha chumvi kupita inavyotakiwa. Hao figo zao zinabaki na njia moja, kusubiri presha ipande. Zikiipata 158, zinatoa chumvi yote vizuri kabisa, na kreatinini inasoma kawaida. Presha ya namna hii inaonekana zaidi kwa watu weusi na huongezeka umri unavyosonga. Ni moja ya sababu tunazoanza na amlodipini au dawa nyepesi ya kukojoza kabla ya nyingine. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yako bila vipimo, lakini maelezo yako yanaifanana.

Hata kule kuamka usiku huenda kunaingia humu. Kwa kawaida presha hushuka ukilala na figo hupumzika kutoa chumvi. Ambaye hakuimaliza kazi hiyo mchana, figo zake zinaendelea nayo usiku, na chumvi haitoki bila maji. Lakini usitosheke na maelezo yangu hapo: kukojoa sana usiku kunaweza pia kuwa sukari, kwa hiyo pima sukari.

Tusiseme pia ni damu ya ukoo tu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijijini kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti ilionekana mapema tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ukilinganisha na potasiamu. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni sufuria. Nao uwiano huo si jambo dogo: potasiamu ya mboga, maharagwe, ndizi na viazi vitamu inaizima ile sehemu ya tatu ya kifereji, na sodiamu inapita kwenda nje.

Nije kwa shemeji. Maji na chumvi, figo huvisimamia kwa amri mbili tofauti. Ukinywa lita tano utakojoa lita tano, chumvi ndani yake ikiwa ni ile ile ambayo ungeitoa kwenye lita moja na nusu, imezimuliwa tu. Hutaiosha. Na ukichanganya maji mengi hivyo na dawa za kukojoza, sodiamu ya damu inaweza kushuka hadi mtu achanganyikiwe au apate degedege. Kunywa kwa kiu, na kwenye joto la jikoni kiu yako itakuambia vya kutosha.

Jasho nalo: ni kweli lina chumvi, lakini mwili uliozoea joto hutoa jasho lenye chumvi kidogo, kwa sababu aldosteroni ile ile inafanya kazi hadi kwenye tezi za jasho. Kinachotoka, mlo wako wa kawaida unakilipa. Huna haja ya kuongeza. Na ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa bei ya nyama, sodiamu yake ni ile ile. Baki na ya kawaida yenye madini joto (iodini), uipunguze tu.

Magadi ndiyo yanayonisumbua zaidi katika barua yako, kwa sababu watu hawayahesabu. Hayana ukali wa chumvi ulimini, lakini karibu theluthi moja ya uzito wake ni sodiamu, na chumvi ya mezani ni asilimia 39. Figo haziulizi sodiamu imetoka wapi. Najua apoth (mrenda) bila magadi haivutiki na wateja watalalamika, kwa hiyo hapo weka kidogo mno na usiongeze chumvi juu. Lakini osuga (mnavu) na dek (mgagani) hazihitaji magadi. Uchungu wake ulikuwa ukitolewa kwa maziwa tangu zamani, uipike leo, uilaze, uipashe kesho na maziwa tena. Majirani zetu Waluhya wana munyu wao wa majivu, ule unaochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi. Ule una potasiamu nyingi, na kwa mwenye figo nzima si vibaya. Kwa mwenye figo zilizochoka, au anayetumia enalaprili, losatani au spironolaktoni, ni hatari, kwa sababu potasiamu ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Onyo hilo hilo linahusu chumvi mbadala zenye potasiamu. Utafiti mkubwa wa vijiji 600 nchini China, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha zinapunguza kiharusi, lakini usiinunue kabla ya kuuliza kliniki.

Unasema chumvi huli nyingi. Huenda ni kweli, ila mpishi ndiye mtu wa mwisho kujua. Unaonja mchuzi tangu asubuhi, ulimi unazoea, kufikia saa saba chakula kinaonekana kimepoa ladha, unaongeza. Kwa hiyo usiamini ulimi, amini pakiti. Nunua ya nusu kilo ya matumizi ya nyumbani tu, uandike tarehe juu yake kwa kalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Pakiti hiyo ina migao 100 ya namna hiyo, kwa hiyo nyumba ya watu watano inapaswa kukaa nayo siku 20. Ikiisha siku ya kumi, kila mmoja anakula gramu kumi, na hapo hujagusa mkate, soseji, chipsi za barabarani, wala viungo vya pakiti vya mchuzi. Hivyo vya mwisho ni chumvi kwa kiasi kikubwa: ukivitia, usitie chumvi nyingine. Obambla, yaani samaki aliyepasuliwa, iliyokaushwa kwa chumvi iloweke kwanza kwenye maji ya moto, uyamwage. Ugali, bahati nzuri, hatuutii chumvi. Punguza polepole. Ulimi unahitaji wiki kadhaa, na wateja wako hawatajua ukipunguza kidogo kidogo na kuongeza nyanya, ndimu, dania na pilipili.

Utapata nini kwa taabu hiyo? Mwenye presha akipunguza gramu nne au tano kwa siku, presha ya juu, ile namba ya kwanza, hushuka kwa takriban pointi tano, wengine zaidi, wengine karibu sifuri. Kwa hiyo 158 haitakuwa 130 kwa kupunguza chumvi peke yake, na asiache mtu kukuambia utupe dawa. Faida nyingine ni kwamba dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa haipigani na chumvi.

Miguu sasa. Amlodipini hutanua mishipa midogo, na maji huvujia kwenye nyama za miguu, hasa kwa mtu anayesimama siku nzima. Uvimbe wa aina hiyo hautokani na chumvi kujaa, ndiyo maana dawa ya kukojoza haisaidii sana. Na hiyo ya kemisti, kama ni furosemidi, inazuia ile robo ya sehemu ya pili kwa muda wa saa sita hivi. Ikiisha nguvu, figo zinashtuka na kushika chumvi kwa saa zilizobaki. Ukiinywa leo na kuiacha kesho huku sufuria ni ile ile, unakojoa tu na kurudi ulipoanzia, na potasiamu yako inashuka. Iache. Mwambie daktari wako kuhusu miguu, anaweza kubadilisha dawa au kuongeza nyingine inayopunguza uvimbe. Kwa nini tunaipenda haidroklorothiazaidi, ile dawa nyepesi ya kukojoza, na ndugu zake kwa presha? Zinagusa sehemu ya tatu, taratibu, kutwa nzima.

Nikuulize pia, unameza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo na magoti? Hukuandika, lakini wapishi wengi wanameza. Dawa hizo zinazifanya figo zishike chumvi, zinapandisha presha, na zikichanganywa na dawa za kukojoza na enalaprili zinaweza kuziumiza figo zenyewe. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni afadhali.

Usisubiri siku ya kliniki ukipata presha ya 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, macho kufifia, kichwa kuuma vibaya, au upande mmoja wa mwili kulegea. Hapo ni hospitali moja kwa moja, iwe Russia (Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga) au yoyote iliyo karibu. Uso ukivimba asubuhi, mkojo ukitoa povu lisiloisha au ukipungua, nenda ndani ya siku moja au mbili.

Vinginevyo, kliniki ijayo omba upimwe mkojo kama una protini, kwa sababu kreatinini inaweza kusoma vizuri huku figo zimeanza kuumia. Omba pia sukari na potasiamu. Nenda na presha ulizopima nyumbani au kwenye kituo cha afya, umekaa dakika tano, mkono mezani, kibofu kitupu. Taja kila unachomeza, cha kemisti na cha mitishamba. Na siku ukishikwa na kuhara, kunywa ORS bila woga, chumvi iliyomo unaihitaji siku hiyo. Kama wakati huo utakuwa umeshaongezewa dawa ya kukojoza au enalaprili, piga simu kliniki uulize kabla ya kumeza dawa hiyo.